Watazame mbwa, usimtazame mwalimu

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mbwa wangu jike ana miezi mitano. Ananivuta kamba hadi bega linauma, na akiona mbwa mwenzake hubweka kama amepagawa. Nimepata walimu wawili. Wa kwanza anataka nimwachie mbwa wiki mbili, na ameahidi kurudisha ada yote asipotii. Wa pili ana darasa la mbwa sita, mara moja kwa wiki, nami lazima niwepo. Kwa kuwa kazi zimenibana, moyo unaelekea kwa wa kwanza. Wasemaje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Moyo wako urudishe nyuma kidogo.

Miaka iliyopita nami nilimwacha mbwa wangu kwa mwalimu wa namna hiyo. Alirudi mtulivu, nikashangilia. Siku ya tatu nikainua mkono kuchukua kamba iliyotundikwa ukutani, naye akafyata mkia na kujikojolea. Yaliyompata huko sikuyaona, maana sikuwepo. Ilinichukua karibu mwaka mzima kuirudisha imani yake.

Tena ahadi ya kurudisha ada isikulevye. Mbwa ni kiumbe, ana hofu na maumivu yake, na mwalimu mkweli hawezi kukuapia matokeo. Kazi yake kubwa ni kukufundisha wewe, kwa sababu wewe ndiye utakayeishika kamba hiyo kila asubuhi.

Huyo wa pili naye usimkubali kwa maneno matupu. Omba kwenda kutazama darasa bila mbwa wako. Akikataa, umeshapata jibu. Ukifika, macho yako yawe kwa mbwa. Mikia imelegea? Wanamkimbilia mwalimu au wanamkwepa? Mbwa anayejiramba midomo na kupiga miayo ovyo, masikio kayalaza nyuma, mara nyingi ana wasiwasi, hata kama ameketi kwa adabu. Halafu muulize swali moja: mbwa akikosea, unafanyaje? Anayesema atamrahisishia zoezi, kisha amtunze kipande cha nyama akipatia, huyo mpe sikio. Anayetaja kola ya miiba inayomchoma mbwa shingoni, au ya umeme inayompiga shoti, muage. Wales ilipiga marufuku kola za umeme tangu mwaka 2010.

Nitafurahi pia mwalimu akikudai cheti cha chanjo kabla ya siku ya kwanza.

Huko kubweka, huenda ni woga wala si ukali. Mwambie mwalimu mapema, ili mbwa wako akae mbali na wenzake na asogezwe taratibu. Kama kulianza ghafla, mpeleke kwanza kwa daktari wa mifugo, maana mbwa anayeumwa huwa mwepesi kufoka.

Na bega lako? Mvishe mkanda wa kifuani wenye pete kwa mbele, ufunge kamba hapo. Akivuta, simama kimya. Kamba ikilegea, endeleeni. Dakika tano kwa siku zinatosha kuanzia.