Vifo vya ghafla kijijini: je, mbwa wauawe?

SWALI: Mhariri, salamu. Kijijini tumezika mtoto na mzee, wote baada ya kuugua siku chache. Wakiletewa maji walikabwa na koo, hata upepo uliwashtua. Watu wanasema wamerogwa. Mtoto aling'atwa na mbwa miezi miwili kabla, lakini kidonda kilikuwa kimepona. Sasa vijana wanataka kutega nyama yenye sumu mbwa wote waishe. Nina mbwa wawili. Nifanyeje?
Msomaji, Kaunti ya Siaya

JIBU: Poleni kwa misiba. Kuogopa maji na upepo ni dalili za kichaa cha mbwa. Hiyo miezi miwili ndiyo huwapoteza watu: virusi hupanda polepole kwenye neva hadi ubongoni, mara nyingi kwa miezi miwili au mitatu. Dalili zikishatokea, karibu hakuna anayepona.

Kwa hiyo kila aliyeng'atwa na bado ni mzima aende hospitali leo, hata kama wiki zimepita. Jeraha jipya huoshwa papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili. Kumwagia kikombe kimoja hakutoshi. Msipake mafuta ya taa wala pilipili. Chanjo hudungwa siku ya 0 (yaani siku ya sindano ya kwanza), 3, 7, 14 na 28, na jeraha lililotoa damu huhitaji pia sindano ya kingamwili palepale lilipo. Anayeacha katikati kwa kukosa nauli anabaki hatarini, mchangieni.

Sumu haitawasaidia. Inaua waliochanjwa pamoja na wasiochanjwa, na nguruwe wa jirani pia, kisha mbwa wageni wasio na kinga wanajaa. Mbwa mwenyewe hufa kwa degedege, kifo cha mateso asichostahili. Sheria ya Kuzuia Ukatili kwa Wanyama, Sura ya 360, ipo. Mkumbushe chifu kabla nyama haijategwa.

Kinachokata maambukizi ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa, kila mwaka. Chifu aitishe baraza na ofisa wa mifugo wa wadi, mbwa wachanjwe Jumamosi asubuhi, wakati hakuna shule, kwa kuwa watoto ndio huleta mbwa. Chanjo ikae kwenye kisanduku cha barafu, nyuzi 2 hadi 8. Ikipata joto huenda isikinge. Wako wawili wafunge leo.

Mbwa aliyeng'ata mfungieni siku 10, apewe maji na chakula, lakini aliyeng'atwa asingoje matokeo ndipo achanjwe. Mbwa akilegea taya au akibadilika sauti, msimguse: ofisa wa mifugo ndiye amdunge sindano ya kumpumzisha na kupeleka kichwa maabara.