Linka Inapogoma, Anza na Jina

Makosa ya linka, programu inayounganisha vipande vya msimbo kuwa programu moja, huwatisha wengi kwa sababu hutokea pale mtu anapodhani kazi imekwisha: kompaila, inayotafsiri msimbo kwa lugha ya mashine, imepitia kila faili bila kulalamika, faili za objekti inazozitoa zimejaa kwenye folda, kisha hatua ya kuziunganisha inamwaga majina marefu yasiyosomeka. Hapa Dar es Salaam ninafanya kazi na vijana wanaoandika programu za C na C++ kwa ajili ya vifaa vya kusomea mita za maji, na wengi wao, wakiwa wametokea kwenye Python, hukimbilia kubadilisha mipangilio ya ujenzi hadi kosa moja linazaa matatu. Mimi huwaambia kwamba linka haijui lugha uliyoandikia, inajua majina tu. Kwa hiyo chukua jina lililotajwa, ulifuatilie.

Ujumbe wa "multiple definition" una dawa nyepesi. Mara nyingi kigeu kimefafanuliwa ndani ya heda, yaani faili ya matangazo inayoingizwa katika faili nyingi. Iachie heda tangazo la extern, linalosema tu kwamba kigeu kipo mahali pengine, na ufafanuzi uuweke katika faili moja tu. Wenye msimbo wa zamani wa C wakumbuke kwamba tangu toleo la 10 la kompaila ya GCC, lililotoka mwaka 2020, vigeu vilivyorudiwa bila thamani ya kuanzia havivumiliwi tena kwa kawaida, na ndiyo maana mradi uliojengeka kwa miaka unaweza kugoma mara tu kompyuta inaposasishwa.

Kinachokula muda ni "undefined reference", yaani jina limeitwa lakini ufafanuzi wake haukuonekana. Endesha nm -C, amri inayoorodhesha majina yaliyomo (-C huyaonyesha katika umbo linalosomeka), juu ya faili za objekti na uchuje kwa grep. Herufi U inaonyesha kuwa faili inalihitaji jina hilo, na T kuwa fanksheni imefafanuliwa humo. Ikiwa T haipo popote, huenda faili ya chanzo haikuandikwa kwenye Makefile, faili ya maagizo ya ujenzi ambayo amri ya make huifuata. Ukikuta t ndogo, fanksheni ni static na faili nyingine haziioni. Ikiwa T ipo na linka bado inakana, rudia nm bila -C, kwa sababu C++ hupachika aina za vigezo ndani ya jina: somaMita yenye kigezo cha int huwa _Z8somaMitai, ilhali C huliacha jina lilivyo. Fanksheni iliyoandikwa kwa C na kuitwa kutoka C++ inahitaji extern "C" katika tangazo lake, ili C++ isiligeuze jina.

Majina yakilingana, tazama mpangilio wa maktaba. Linka ya GNU husoma amri kutoka kushoto kwenda kulia, na katika maktaba tuli (faili ya .a iliyokusanya objekti nyingi) huchukua zile objekti tu ambazo zimeshahitajika kufikia hapo. Kwa hiyo anayehitaji hutangulia, anayehitajiwa hufuata. Maktaba mbili zikitegemeana, zipo chaguo za --start-group na --end-group zinazoifanya linka izirudie, ingawa kwangu hiyo ni dalili kwamba msimbo uligawanywa vibaya.

Malalamiko kuhusu vtable, jedwali la fanksheni za virtual ambalo kompaila hulitengeneza yenyewe, huwapotosha wengi, maana jina hilo hakuna aliyeliandika. Tafuta fanksheni ya virtual iliyotangazwa katika klasi bila kufafanuliwa.

Kufuta kila kitu na kujenga upya husaidia pale objekti zilipopitwa na heda, lakini ni gharama kwa mradi mkubwa, hasa umeme ukiwa umekatika na kompyuta inategemea betri. Afadhali kuiongezea kompaila -MMD na kuziingiza katika Makefile faili za .d inazotoa, zenye orodha ya heda ambazo kila objekti inazitegemea, ili make ijue ni objekti zipi zimeguswa.

Na kama maktaba imeletwa na mtu wa nje ikiwa tayari imejengwa, usiiamini kwa jina lake. Ujumbe wa "skipping incompatible" kwa kawaida humaanisha kuwa ilijengwa kwa prosesa nyingine: toa objekti moja kwa ar x, kisha amri ya file itakuonyesha kama umepewa ya x86-64 wakati kifaa chako ni cha ARM.