Modeli yangu inafaulu kwenye majaribio, mbona mtandao unayumba?

SWALI: Mtaalamu, habari za kazi. Nasimamia mtandao wa Wi-Fi wenye ruta 24 katika jengo moja la ghorofa. Zote zinatumia masafa ya 2.4 GHz, na baadhi zina 5 GHz pia. Kwa miezi mitatu nimekusanya kumbukumbu za kila dakika: chaneli iliyotumika (kipande cha masafa ambacho ruta hutumia), nguvu ya mawimbi, idadi ya vifaa vilivyounganishwa na kasi ya data. Kwa data hiyo nimefunza modeli ya kutabiri chaneli bora, na kwenye majaribio inapatia zaidi ya mara tisa katika kumi. Lakini nilipoiruhusu iendeshe mtandao wenyewe, ruta zikawa zinahamahama kila baada ya dakika chache na watu wanalalamika kukatikiwa. Je, nitumie mtandao wa neva (modeli inayoiga ubongo) wenye tabaka nyingi, au niongeze data?

JIBU: Ahsante kwa kueleza hatua zako zote, maana kosa linaonekana humo humo. Usibadilishe modeli kwanza, wala usikusanye zaidi data ya aina hiyo. Kumbukumbu zako zina pengo ambalo modeli yoyote, iwe kubwa namna gani, haiwezi kuliziba.

Ruta iliyokuwa kwenye chaneli 6 saa nne asubuhi ilikuandikia hali ya chaneli 6 peke yake. Kama saa ileile ingekuwa kwenye 11, mambo yangekuwaje? Hakuna aliyeandika. Kwa hiyo modeli yako haikupata nafasi ya kujifunza chaneli ipi ni bora. Imejifunza desturi ya ruta zako za miezi mitatu, na ile alama ya juu inakuambia tu kwamba inaiga desturi hiyo vizuri. Zaidi ya hapo, nahisi uligawa data kwa kuzichanganya dakika ovyo. Dakika moja ikiwa kwenye mafunzo na inayoifuata ikiwa kwenye majaribio, modeli inakuwa imechungulia jibu. Data ya mtandao igawe kwa muda: funza kwa wiki za mwanzo, pima kwa wiki za mwisho.

Kipimo chako nacho kinakupotosha. Kasi ya data hushuka usiku kwa sababu watu wamelala, na modeli ikaona chaneli mbaya. Kuhesabu mitandao jirani hakutoshi pia: ruta kumi zisizo na kazi zinaweza kukusumbua kuliko unavyodhani, kwa vile kila moja hutangaza uwepo wake takriban mara kumi kwa sekunde, lakini jirani mmoja anayepakua video mchana kutwa mara nyingi huumiza zaidi. Mimi hutegemea vipimo viwili: sehemu ya muda ambayo hewa ina shughuli, na uwiano wa pakiti (vifurushi vidogo vya data) zinazolazimika kutumwa upya. Hicho cha pili nakipenda sana, kwani ruta iliyoko darini haisikii kila kinachomsumbua mtumiaji aliye nyuma ya ukuta. Pakiti ikigongana huko aliko, ruta itajua kwa kukosa jibu la kupokelewa.

Sasa namna ya kujifunza. Tatizo lako ni lile linaloitwa mashine ya kamari yenye mikono mingi: kila chaneli ni mkono, unaujua baada ya kuuvuta tu, na kila unapovuta mkono mbovu kuna mtu anayeumia. William R. Thompson alipendekeza njia mwaka 1933, akiwaza juu ya kulinganisha tiba za wagonjwa, na bado inafanya kazi vizuri. Kila chaneli ipe vihesabio viwili, mafanikio na kushindwa. Ukitaka kuchagua, bahatisha thamani moja kwa kila chaneli kutokana na vihesabio vyake, kisha chukua iliyotoka juu. Chaneli isiyojulikana sana hupata bahati ya kujaribiwa mara kwa mara. Iliyothibitika mbovu husahaulika taratibu.

Hapa watu wengi huteleza. Usihesabu pakiti moja moja. Pakiti za robo saa moja hufanana hali, na ukizihesabu zote kihesabio kitafika maelfu ndani ya muda mfupi, ruta itajiamini kupita kiasi na kuacha kujaribu. Hesabu robo saa nzima kuwa jaribio moja: limefaulu kama pakiti zilizorudiwa hazikuvuka kiwango ulichoweka. Halafu punguza vihesabio kadiri muda unavyokwenda. Ukivizidisha kwa 0.95 kila saa, ushahidi wa leo utabaki na nusu ya uzito wake baada ya saa 13 na nusu hivi. Majirani hubadilika, na ruta inayokumbuka kila kitu milele itang'ang'ania chaneli iliyokuwa nzuri mwezi uliopita.

Kwenye 2.4 GHz ruhusu uchaguzi wa chaneli 1, 6 na 11 tu. Vituo vya chaneli hizo vimeachana kwa 25 MHz, ilhali kila mawasiliano huhitaji upana wa MHz 20 hivi. Ruta mbili zilizo kwenye 6 husikizana na kupokezana zamu. Ya 3 na ya 6 huonana kama kelele. Naomba sana, modeli isiruhusiwe kuigusa 3 hata ikionekana tupu.

Kuhamahama kunatokana na jambo jingine: ruta zako zinajifunza kwa wakati mmoja. Mbili zinaiona 11 imetulia, zote zinaihamia, inajaa, zote zinakimbia. Kutafuta mpangilio bora wa pamoja kwa kujaribu hakuwezekani. Chaneli tatu kwa ruta 24 ni mipangilio zaidi ya bilioni 282. Weka sharti kwamba ruta moja tu iruhusiwe kuhama kwa wakati mmoja, kwa zamu ya kubahatisha, na ikihama ikae walau saa moja. Ihame pale tu ambapo chaneli mpya inaishinda ya sasa kwa tofauti ya wazi, kwa sababu kila kuhama kuna gharama. Ruta hutangaza kwamba inahama, lakini vifaa vingine havitii tangazo, vinakatika na kuanza kuunganishwa upya. Malalamiko unayopokea yana harufu ya jambo hilo.

Kwenye 5 GHz chaneli ni nyingi zaidi, ila baadhi yake zinatumiwa pia na rada. Kabla ya kuingia huko ruta lazima isikilize kwa sekunde 60 bila kutuma chochote, na ikisikia rada iondoke na isirudi kwa dakika 30. Kujaribu chaneli hizo mchana ni kumkatia mtu kazi. Zijaribu saa ambazo karibu hakuna aliyeunganishwa.

Mtandao wa neva una mahali pake. Kama ruta zako zina redio ya ziada inayozunguka chaneli zote kusikiliza, basi unaona hali ya kila chaneli, na kutabiri msongamano wa saa ijayo ni kazi halali ya modeli ya kufunzwa kwa mifano. Hata hapo, anza na wastani wa kila saa ya juma, visanduku 168 kwa kila chaneli. Neva zisipoushinda wastani huo, ziache.

Na kuanzia leo, kila ruta inapochagua, andika pia uwezekano iliokuwa nao wa kuchagua chaneli ile. Ukiwa na namba hiyo, unaweza kuzipa uzito chaguzi zilizotokea kwa nadra na kukadiria kanuni mpya ingefanyaje kabla hujaiwasha kwa watu.