Kabla ya kununua kamera ya filamu ya mtumba

Vijana wanaoniuliza kuhusu kamera ya filamu huja na jina tayari, na aghalabu jina lenyewe ni Canon AE-1, kwa kuwa ndiyo wanayoiona Instagram. Siipingi. Ni kamera nzuri iliyotoka mwaka 1976. Ila shata yake, yaani pazia linalofunguka na kufunga ili mwanga uifikie filamu, inaendeshwa kwa umeme: betri ikiisha, haifyatuki, na saketi yake ikiharibika, mimi hapa Kisumu sijampata fundi wa kuigusa. Kwa anayeanza ninasisitiza kamera ya mitambo tupu, ambayo betri kazi yake ni kupima mwanga tu. Pentax K1000, iliyotengenezwa kuanzia 1976 hadi 1997, ni ya namna hiyo. Nikon FM pia, na Praktica za MTL. K1000 hutumia betri ndogo ya LR44, ile inayouzwa na mafundi wa saa. Haina swichi ya kuzima kipimo cha mwanga, kwa hiyo usipoifunika lenzi kwa kifuniko chake, betri inaliwa polepole.

Olympus OM-1 na Minolta SRT-101 nazo ni za mitambo, lakini ziliundiwa betri za zebaki za volti 1.35 ambazo hazitengenezwi tena. Ukitia betri ya kawaida ya volti 1.5, kipimo kinadanganya. Si sababu ya kuziacha, ni sababu ya kuteremsha bei.

Jina likishapatikana, lisahau, maana kinachonunuliwa ni hali ya kamera iliyo mkononi mwako. Nenda na tochi. Ya simu inatosha.

Jumapili moja sokoni Kibuye, mama mmoja aliyekuwa akiuza redio na pasi kuukuu alikuwa na Zenit, kamera ya Kisovieti, ndani ya mkoba wake wa ngozi. Nikamwambia, "Mama, naomba niifungue." Akanijibu, "Fungua tu, mwanangu, hiyo ni mzima kabisa, ni vile tu imekaa." Kumbe kukaa huko ndiko kulikoimaliza. Nilifungua tundu la lenzi (linalopitisha mwanga) hadi mwisho, nikamulika tochi kutoka nyuma kwa pembeni, na ndani ya kioo zikaonekana nyuzi nyeupe zilizotandaa kama utando wa buibui kutoka ukingoni hadi katikati. Ni kuvu. Hapa kando ya ziwa hewa ina unyevu, na kuvu hupenda giza, unyevu na mahali pasipopita hewa. Mkoba wa ngozi una vyote vitatu. Alama chache ukingoni hazitaonekana kwenye picha. Zikifika katikati, picha zinapauka hasa ukielekea jua, na kumlipa fundi aifungue lenzi ile kunaweza kukugharimu kuliko lenzi nyingine.

Zungusha pete ya tundu huku ukitazama vile vipande vyembamba vya chuma vikifunga na kufunguka. Viwe vikavu. Vikimeremeta mafuta, vitakwama.

Kisha njoo kwenye shata. Toa lenzi, fungua mgongo wa kamera, weka kasi ya sekunde 1, vuta mkono wa filamu, ule wa juu unaosogeza filamu, na ufyatue. Sikiliza. Sekunde moja ni ndefu kuliko unavyodhani, na shata ikisita au ikibaki wazi, mafuta yake ya ndani yameganda. (Zenit-E haina kasi hizo za polepole, huanzia 1/30 ya sekunde, kwa hiyo jaribio hili haliihusu.) Sasa weka 1/1000, au kasi ya juu kabisa iliyopo, elekeza angani na uchungulie kwa nyuma huku ukifyatua. Mwanga umulike fremu nzima. Upande mmoja ukiwa giza, pazia moja kati ya mawili ya shata linaburuta, na nusu ya picha zako itakuwa nyeusi. Hiyo irudishe mezani, hata muuzaji akiteremsha bei mara tatu.

Ukikuta Nikon FM ambayo kitufe chake kimegoma, usikimbilie kuihukumu. Mkono wa filamu ukiwa umelala kabisa, kitufe hujifunga. Usogeze nje kidogo, ujaribu tena.

Sponji nyeusi za mlango wa nyuma wa kamera, zinazozuia mwanga kuingia, zikinata kidoleni kama lami, usiogope. Zimezeeka tu, zinabanduliwa kwa spiriti na kubadilishwa. Zitumie kubishania bei.

Ikiwa kipimo cha mwanga kimekufa na vingine vyote ni vizima, mimi ningeinunua. Jua letu la saa sita halina siri: filamu ya 200 (namba ya wepesi wake wa kupokea mwanga), tundu f/16 (namba ikipungua, tundu linapanuka), kasi 1/250. Chini ya mwavuli wa muuza samaki, fungua hadi f/5.6. Asubuhi na jioni pakua programu ya bure ya kupima mwanga kwenye simu.

Nyumbani, utupe ule mkoba wa ngozi. Weka kamera kwenye chombo cha plastiki kinachofunga vizuri, pamoja na vile vipakiti vya kufyonza unyevu vinavyokuja kwenye maboksi ya viatu, na uitoe mara kwa mara uifyatue katika kasi zote.

Filamu ya kwanza iwe ya rangi na ya bei nafuu, Kodak ColorPlus 200 au Gold 200, na uandike kwenye daftari kasi na tundu la kila picha. Filamu za rangi mimi hutuma Nairobi kwa basi. Nyeusi na nyeupe unaweza kusafisha mwenyewe, ila dawa hutumiwa ikiwa na joto la nyuzi 20 za Selsiasi, na maji ya bomba ya Kisumu mchana huwa na joto zaidi, kwa hiyo uwe na barafu. Na ukituma Nairobi, waandikie kwenye bahasha kwamba unataka negativu zako, yaani filamu yenyewe iliyosafishwa, zirudi, si picha za kwenye simu pekee.