Kabla ya kuwasha mfumo, ujaribuni kwa mgonjwa asiye na jina

Usiku wa kwanza wa mfumo mpya wa kompyuta wa kusajili wagonjwa na kuagiza dawa katika idara yetu ya dharura, aliletwa mgonjwa aliyepoteza fahamu, hana kitambulisho wala msindikizaji. Skrini ikadai jina, ukoo na tarehe ya kuzaliwa. Bila hivyo ukurasa wa kuagiza dawa haufunguki. Mwenzangu kasimama na bomba la sindano, mimi nahangaika na kipanya. Mwishowe tulimtibu kwa karatasi, dawa tukaja kuziingiza baadaye kwa kukumbuka. Hizo dawa za kukumbuka naziogopa mpaka leo.

Kwa hiyo, ninyi mnaojiandaa kuwasha mfumo kama huo, upelekeni mfumo kwenye chumba cha wagonjwa mahututi mapema, mjaribu kumfungulia faili mtu asiyejulikana. Utoe namba ya muda papo hapo, na jina la muda lisilojirudia. Wasiojulikana wawili wakiitwa jina moja usiku mmoja, damu ya huyu inaweza kuning'inizwa kwa yule.

Si jambo dogo. Mwaka 2005 jarida la Pediatrics lilichapisha utafiti wa hospitali ya watoto ya Pittsburgh, Marekani: baada ya kuanza kuagiza dawa kwa kompyuta, vifo vya watoto waliohamishiwa hapo kwa matibabu maalumu vilipanda kutoka asilimia 2.80 hadi 6.57. Zamani dawa ziliandaliwa mtoto akiwa bado njiani; mfumo ukataka kwanza afike na asajiliwe. Dakika hizo kwa mtoto mahututi ni nyingi mno.

Ubao wa ukutani wa kuandikia wagonjwa msiuondoe siku hiyohiyo ya kuwasha mfumo. Wetu uling'olewa asubuhi, na kufikia mchana hakuna aliyejua nani anasubiri eksirei. Nenosiri nalo: likichukua dakika nzima, watu watafanya kazi kwenye akaunti ya mwenzao aliyesahau kutoka, na hutajua nani aliagiza nini. Kadi ya kugusisha hutatua hilo. Wakufunzi wawepo usiku pia, nawasihi sana.

Na mfumo utazima tu, iwe umeme au mtandao. Fomu za karatasi ziwekwe mahali kila mtu anapajua. Zetu zilikuwa zimefungiwa ofisini, mwenye ufunguo kashaenda nyumbani. Sasa kasha liko chini ya meza ya kupokelea wagonjwa, nami hulikagua kila ninapoanza zamu.