Jino ling'oke, dawa isikatwe

Wiki hii maswali mengi yametoka kwa watu wanaotumia dawa za kuzuia damu kuganda, na meno yanawasumbua. Nimechukua manne.

Asalaam aleikum dokta. Nina valvu ya chuma kwenye moyo, nameza warfarini kila usiku. Gego limeoza. Jirani ananiambia niache dawa wiki nzima kabla ya kung'oa, nisije nikamalizika damu. Nimsikilize? (Mama, Wete)

Waalaikumu salamu, mama yangu. Usiache hata siku moja, nakuomba sana. Ukiacha warfarini, damu huchukua kama siku tano kurudi kuganda kwa kawaida. Ukianza tena, hupita siku nyingine kadhaa kabla dawa haijashika. Muda wote huo donge la damu linaweza kujengeka kwenye valvu, au likapanda kichwani ukapata kiharusi. Damu ya kwenye fizi tunaiona na mkono unaifikia: tunabana, tunashona nyuzi mbili tatu, inakatika. Donge la kwenye ubongo hatulifikii hivyo.

Kapime INR, kipimo cha kujua damu yako inachelewa kiasi gani kuganda, ndani ya saa 24 kabla ya kung'oa. Ikiwa vipimo vyako vimetulia muda mrefu, hata saa 72 zinatosha. INR ikiwa chini ya 4, jino hung'olewa huku unaendelea na dawa. Ikizidi, ngoja kwanza anayekuandikia dawa arekebishe dozi. Nenda asubuhi, tena mwanzoni mwa wiki, ili damu ikirudi jioni usianze kuhangaikia gari ya kwenda Chake Chake usiku. Jino likishang'oka, uma pamba utakayowekewa dakika 20 hadi 30 bila kuifungua. Wagonjwa wengi huchungulia kila baada ya dakika mbili, na kila wakichungulia wanaling'oa donge linaloziba kidonda. Siku hiyo usisukutue.

Na jambo moja watu husahau kulisema: mjulishe daktari wa meno habari ya valvu kabla hajakugusa. Unahitaji antibayotiki kabla ya kung'oa, kwa kawaida amoksilini gramu 2 saa moja kabla, bakteria wa kinywani wasije wakakaa kwenye valvu. Kama penisilini, jamii ya amoksilini, inakudhuru, sema mapema upewe nyengine.

Natumia warfarini. Nimeng'oa jino, nikapewa diklofenaki na Flagyl. Sawa? (Kijana, Kiembesamaki)

Si sawa, kaka. Diklofenaki, kama ibuprofeni, huongeza hatari ya kutoka damu, hasa tumboni. Kwa maumivu tumia parasetamoli kwa kipimo cha kawaida. Flagyl, antibayotiki iitwayo pia metronidazo, nayo huipa warfarini nguvu kupita kiasi na INR hupanda. Rudi leo kwa aliyekuandikia, umuoneshe dawa zako zote; akubadilishie, au akiona huna budi kuitumia, INR ipimwe tena baada ya siku chache. Hata jeli ya mikonazoli, ya kupaka fangasi wa mdomoni, ina mambo hayo hayo.

Jee, mafuta ya karafuu naweza kutia? (Mkoani)

Kabla ya kung'oa, tone moja kwenye pamba, ndani ya tundu la jino, hutuliza. Kwenye kidonda cha jino lililong'olewa usitie, yanaunguza nyama.

Baba anatumia rivaroksabani mara moja kwa siku. Jino lake limevimba na Ramadhani ndiyo hii. Asubiri Idi? (Binti, Mwanakwerekwe)

Lisisubiri, binti yangu. Uvimbe wa jino unaweza kushuka shingoni ukaziba pumzi. Mpeleke asubuhi. Dawa hii nayo ni ya kuzuia damu kuganda, ila haifuatwi kwa INR. Kwa jino moja hadi matatu, kwa kawaida haisimamishwi. Kazi ikiwa kubwa, daktari anaweza kuichelewesha dozi ya asubuhi. Kama baba anaimeza baada ya futari ni vizuri, maana hutakiwa kumezwa pamoja na chakula. Akiambiwa acheleweshe dozi, asije akameza mbili kwa pamoja kufidia. Na siku hiyo ale. Maradhi ni udhuru, atalipa baada ya Ramadhani.