Tela dogo, tufe sahihi: niliyojifunza kwenye barabara ya Kipushi

Mwezi wa Mei mwaka juzi, mahindi yakiwa yamekwisha kuvunwa, nilikuwa narudi Lubumbashi kutoka shambani upande wa Kipushi. Nyuma ya gari nilivuta tela dogo, remorki kama tunavyosema huku kwetu, lenye magunia kumi. Gurudumu likaingia shimoni, nikasikia kishindo kimoja, kisha gari likawa jepesi ghafla. Kwenye kioo niliona tela likienda peke yake kuelekea mtaroni. Kando ya mtaro ule walikuwa wamekaa akina mama wanaouza makaa na viazi vitamu, na tela lilisimama hatua chache tu kabla ya kuwafikia. Hakuna aliyeumia. Nilishuka nikaenda kuwaomba msamaha huku magoti yakinitetemeka.

Hakuna kilichokuwa kimevunjika. Fundi aliyenichomelea ndoano, kile chuma cha nyuma ya gari cha kuvutia tela, aliniambia, "Baba, hii chuma iko nguvu, haiwezi kuvunjika," na alisema kweli. Tufe, yaani mpira wa chuma ulio juu ya ndoano, lilikuwa zima, kikombe cha tela kinacholifunika kilikuwa kizima, hata komeo lilikuwa bado limefungwa. Ila tufe lilikuwa na kipenyo cha milimita 48, na kikombe kilitengenezwa kwa tufe la 50.

Milimita mbili. Huku kwetu vipuri vinatoka kila upande wa dunia, na hapo ndipo hatari inapoingilia. Tufe la Ulaya lina kipenyo cha milimita 50. Wamarekani hutumia la inchi 2, yaani milimita 50.8, na lingine dogo la inchi 1 na 7/8, ambalo halifiki hata milimita 48. Ukiyatazama yakiwa mezani kwa muuza vipuri yanafanana kama mayai ya kuku mmoja. Lile dogo ndani ya kikombe cha 50 litavuta vizuri kwenye lami nzuri, litakupa moyo, kisha siku tela litakaporushwa juu na shimo, kikombe kitavuka.

Kwa hiyo soma namba kabla ya kulipa. Mara nyingi imegongwa juu ya tufe na kwenye kikombe. Kama kutu imeifuta, mwombe fundi chuma apime kipenyo kwa kifaa chake, asikadirie kwa jicho. Ukishafunga, weka jeki chini ya mkono wa tela, chuma kirefu cha mbele kinachobeba kikombe, uinue mpaka nyuma ya gari ianze kupanda. Kikombe kikibaki kimeshika, umefunga. Kikiachia, ashukuriwe Mungu kwamba kimeachia uani.

Jambo la pili ni uzito, na hapa sizungumzii uzito wa tela zima tu. Huo nao una mpaka wake: kitabu cha gari husema gari linaweza kuvuta kiasi gani, na kule Ulaya tela lisilo na breki zake lenyewe haliruhusiwi kuzidi kilo 750 pamoja na mzigo. Nimeuchukua mpaka huo kuwa wangu. Tela langu tupu lina kilo 220, na magunia kumi ya kilo 50 yanalifikisha 720. Gunia la kumi na moja linabaki shambani, hata shemeji akilalamika.

Uzito ambao watu wengi hawaupimi ni ule unaokaa juu ya tufe lenyewe. Ukiwa mdogo mno, kwa sababu mzigo umerundikwa nyuma ya ekseli, mkia wa tela huanza kucheza kushoto na kulia, na kadiri unavyokimbia ndivyo unavyolitikisa gari zima. Ukikutwa na hali hiyo, ondoa mguu kwenye mafuta, shika usukani uwe umenyooka, usikanyage breki kwa nguvu. Uzito huo ukiwa mkubwa mno, nyuma ya gari hukaa chini, magurudumu ya mbele huwa mepesi na usukani hauitiki. Wamarekani hupendekeza asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa tela. Ndoano za Ulaya hubeba kidogo kuliko hapo, nyingi kati ya kilo 50 na 100, na kiwango chake kimeandikwa kwenye kibati chake kando ya herufi S. Yangu inasema 75, nami kwa kilo 720 nalenga kama 60. Napima kwa mizani ya kujipimia uzito: naiweka juu ya tofali, nasimamisha kipande cha mbao juu yake, nashusha kikombe cha tela juu ya mbao mpaka tela likae sawa, nasoma.

Siku ya kwanza mizani ilionyesha kilo 18. Tatizo lilikuwa ekseli, iliyowekwa katikati kabisa ya sanduku, kama matela mengi yanayochomelewa mitaani kwetu. Fundi yule yule aliisogeza nyuma kidogo, nami tangu hapo napanga magunia mazito juu ya ekseli na mbele yake kidogo. Tela likawa tulivu kama limebadilishwa.

Ndoano yenyewe ifungwe kwenye shasi, pande zote mbili. Yangu ya kwanza ilichomelewa kwenye bati la nyuma, na bati hilo halikuumbwa kuvuta kitu. Tumia bolti zenye 8.8 kichwani, namba inayoonyesha nguvu ya chuma chake, na bamba nene upande wa ndani ili nguvu itawanyike. Nilipoifunga upya nilikwenda nayo Likasi, kama kilomita 120, na nilipofika nikakuta bolti mbili zimelegea robo mzunguko. Beba spana safari ya kwanza.

Wapo watakaokushauri ununue pete na ndoano kama za malori ya jeshi badala ya tufe na kikombe. Ni imara kweli na hustahimili njia mbovu, lakini hugonga na kushtua gari kila unapopunguza mwendo. Kwa kilo 700 tufe linatosha. Shingo za kuchomoa, yaani zile zinazobeba tufe na kutolewa usipovuta tela, pia siziafiki, maana vumbi letu jekundu huingia kwenye komeo na siku moja haligeuki. Chukua isiyochomolewa, na urefu wake uwe ule unaolifanya tela lenye mzigo lilale sawa na ardhi.

Taa hazina mengi: soketi ya pini saba, na waya mweupe wa ethi, unaorudisha umeme, ufike mpaka kwenye betri au shasi safi, usitegemee tufe lipitishe umeme.

Na minyororo. Siku ile sikuwa nayo. Sasa ninayo miwili, nimeipitisha chini ya mkono wa tela kwa kuipishanisha, ili kikombe kikivuka kidondokee juu yake badala ya kuchimba barabara. Iwe mirefu kiasi cha kuruhusu kona, isiburute. Kabla ya kuondoka naikagua kwa mkono, na mwanangu anakagua tena baada yangu.